Maji Saba Mpaka Musumba

Juma iliyopita nilibaacha pa pazia: mutoto yangu Nasoro amesimama inje, mi ndani, na yeye na neno mu kinywa inakataa kutoka.

Kwa yule hakunisoma, nitasema mufupi. Mi ni Amisa, mujane wa Alimasi, yule wa camion, ile lori ya bluu ya njia ya Kapanga. Mwaka ile ya 1974 nilikuwa mu eda mu nyumba yetu ya Dilala, hapa Kolwezi, na siku kumi na tisa zilikuwa zingali mbele. Nasoro alisomea kazi ya kuendesha ndege kule Kinshasa. Baba yake aliuzisha camion ingine juu ya ile masomo. Aliporudi na karatasi yake ya pilote, alizunguka miaka mbili bila kazi. Kila mahali balimuuliza masaa ngapi ameruka. Alisema kidogo. Balimwambia atafute saa nyingi kwanza, kisha arudi. Saa nyingi atazipata wapi bila ndege?

Kisha alimupata Citoyen Badibanga.

Mwaka ile Serikali iliondoa magazini, maduka makubwa, mu mikono ya bageni na kuzipa bana-inchi. Badibanga alipewa magazini ya Mugreki mumoja na bitu byote byake: chumvi, bilanketi, samaki ya kukauka, na ndege moja ndogo. Pilote wa Mugreki alienda na Mugreki, akabeba na ramani zake. Ndege ilibakia pa uwanja, kuku zinalala chini ya bawa yake.

Badibanga alitaka kupeleka chumvi Musumba, kule camion inakufa mu muchanga juma nzima. Bapilote batatu balikuja na makaratasi mazuri, aliwafukuza wote. Ulizo yake ilikuwa moja tu: Musumba, unaijua? Nasoro alijibu kama anaijua sawa njia ya kwetu.

Sasa alikuwa pa pazia.

"Mama," alisema, "Musumba mi sijafikaka hata siku moja."

Nilimuuliza juu ya nini alidanganya. Akasema kama angesema hapana, ule mulango pia ungefungwa. Kesho saa ine Badibanga atakaa kando yake mu ndege, bataenda na kurudi. Wakifika, kazi ni yake, na nyumba, na pahali pa kuanzia maisha. Wasipofika, hakuna pilote mu Zaïre nzima ataajiriwa na jina ile.

Nilimuuliza kama eko na ramani.

"Ya masomo. Musumba ni kadoti kamoja, tena kamefutika."

Ilikuwa mwezi wa munane, batu banachoma majani kila mahali, na mbingu ilikuwa ya kijivu mpaka mu madirisha. Nasoro alisema mu moshi ya vile pilote haone mbele. Anaona tu kitu kiko chini ya miguu yake.

"Uniambie chini kuko nini, mama. We ulipita kule miaka kumi na moja."

Hapa njo naanza kuungama.

Toka Alimasi alizikwa, hakuna mutu aliniuliza kitu ingine kuliko kama nimekula. Mutoto aliponiuliza njia, nilisikia moyo inanyanyuka. Ilikuwa furaha, na ndani ya ile furaha kulikuwa kiburi. Sikusema "Bismillahi." Sikusema "Mungu anajua zaidi." Nilisema, "Kaa chini, uandike."

Sisi batu ba camion tulikuwa na desturi yetu. Tukifika pa maji, Alimasi anasimamisha. Mukalay, boyi-shofere yake, anashuka kwenda kupima miti ya daraja na miguu. Mi nabakia mu kabini, nasoma Alhamdu. Namaliza Alhamdu, Mukalay anapunga mukono, tunavuka. Miaka kumi na moja ni vile. Kwa hiyo njia mi sikuihesabu na kilometre. Niliihesabu na Alhamdu. Toka Kolwezi mpaka Musumba ni Alhamdu saba. Ukivuka maji ya saba, unaona soko ya Musumba.

Nilifunga macho na kumupa zote. Ya kwanza iko na muchanga mweupe. Ya pili ni nyembamba, miti inagusana juu yake. Ya tatu ni pana, iko na mawe katikati sawa mugongo ya kiboko. Niliendelea vile mpaka ya saba. Kalamu yake ilikuwa inalia ku karatasi. Tulimaliza mbele ya magaribi.

Wifi yangu Zena, dada ya marehemu, njo alikuwa mulinzi wa eda yangu. Alikuwa anachagua mchele pale, anasikia yote.

"Unamupa mutoto wa ndege njia ya camion," alisema. "Camion inatambaa. Ile ingine inaruka."

Nilimwambia achague mchele yake.

Asubuhi Badibanga mwenyewe alikuja kumuchukua na gari. Ni mutu munene, sauti yake inafika mbele yake. Alisimama mu lupango, ndani ya uzio yetu, akanipa pole ya musiba kupita pazia, kisha akamwambia Nasoro amusomee njia pale pale.

Nasoro alisoma maji saba bila kuangalia karatasi.

"Bale bengine batatu balikuja na makaratasi," alisema. "Huyu eko na inchi mu kichwa. Mama, umezaa."

Nasoro alimukumbusha neno ya mafuta. Alikuwa anataka kujaza ndege kabisa. Badibanga alikuwa amekwisha kupakiza mifuko mbili ya chumvi juu ya ile balipatana, na ndege haiwezi kunyanyua chumvi yote na mafuta yote. Alisema mafuta ya kwenda inatosha. Kule Musumba Mugreki aliacha mapipa manne mazima. Batajaza ya kurudi.

"Hata mi niko mufuko," alisema, anacheka. "Tukianguka, mutaniangukia mi."

Nasoro hakucheka. Alikuja karibu na pazia, nikamuwekea mukono ku kichwa kupita ile nguo. Alikuwa na joto. Saa ine kasoro kidogo nilisikia ndege inapita juu ya Dilala, ikaingia mu moshi.

Nilikaa na tasbihi. Zena alileta chai. Nilikunywa. Naungama na ile pia: nilikunywa chai, nikawaza nyumba Nasoro atatupangia.

Saa tano ilipokaribia, mutu alibisha hodi. Ni Mukalay, yule boyi-shofere yetu. Musiba ilimukuta mbali, ku ndugu zake Bukama, na sasa alikuja kunipa pole na kikapo ya mihogo. Amezeeka, lakini angali na ile mizaha yake. Alikaa inje ya pazia, akasema marehemu alimwachia deni moja tu, maumivu ya magoti, juu ya kushuka pa kila daraja.

Nilimwambia habari ya Nasoro. Nilimwambia na sauti ya juu, Zena asikie. Nilisema mutoto eko mu mbingu na Alhamdu zetu saba.

Mizaha ya Mukalay ilikatika.

"Mzee Mukalay?"

"Mama, ulimwambia saba?"

"Saba. We ulizipima na miguu yako."

"Kweli, nilishuka mara saba." Nilisikia anahesabu pole pole. "Ile ya tatu, ya mawe. Na ile ya nne, ya mitumbwi. Mama, ile ni maji moja."

Nilimwambia amesahau. Alisema magoti yake hayasahau. Akanielezea sawa unaelezea mutoto. Barabara inatoka kwa njia yake kwenda kutafuta mission na soko yake. Kule juu ile maji iko na mikono mbili: inavuka moja, inapita ku mission, kisha inavuka ya pili. Camion inaikuta mara mbili. Ndege haina kazi na soko ya mission. Inaenda moja kwa moja. Itaikuta mara moja tu, kwa chini, mikono ikiisha kukutana.

"Sasa Musumba iko nyuma ya maji ngapi kwa mwenye kuruka?"

"Sita."

"Na ya saba?"

"Kama anatafuta ya saba, mama, ataipata. Mbele kabisa. Ile ya saba ni Kasai. Ng'ambo yake ni Angola."

Kule kulikuwa vita. Kila mutu wa Kolwezi alijua. Na mu ile ndege kulikuwa mafuta ya kufika Musumba tu, na chumvi.

Nilisimama. Zena alikuwa amekwisha kukaa pa mulango, amenyoosha miguu mpaka ku fremu ya ng'ambo.

"Kaa, Amisa. Ndege iko na Mungu, eda pia iko na Mungu. Umebakisha siku kumi na nane. Alimasi hana kitu ingine ya kulomba kwako."

"Ondoa miguu, wifi."

"Siondoe."

Kwetu mutu haruke miguu ya mutu. Ni kumukosea mwenyewe na kizazi yake. Nilinyanyua nguo yangu ya eda, nikaruka.

Shehe aliniambia nyuma kama mujane anaweza kutoka muchana kwa jambo ya lazima, na Mungu ni mwenye kusamehe. Nilimushukuru. Lakini ile siku mi sikuwaza lazima wala kusamehewa. Niliwaza kama Nasoro eko pa maji ya ngapi.

Mukalay alisema dawa ni moja: phonie, ile redio ya kusemezana ya mission. Saa sita mission zote za Kapanga na Sandoa na Kasaji zinasemezana. Tutaambia Musumba bawashe moto ya moshi nyeusi pa uwanja, pilote aione. Lakini mission ilikuwa mbali, na gari hatukuwa nayo. Alikuwa na kinga yake, ile baiskeli nyeusi ya zamani, na kiti ya kubebea mizigo nyuma.

"Shika chuma, mama, usinishike mi," alisema. "Batu ba Dilala banataka tu kitu ya kusema."

Hata vile balisema. Tulipita pa soko, mi mu nguo ya eda, nyuma ya mwanaume, miguu inaning'inia. Mama mumoja wa kuuzisha sombe, majani ya mihogo, aliita wenzake baje batazame, mujane wa Alimasi amepata shofere mupya, tena huyu hatumii mafuta. Balicheka. Nilifunga macho. Mu ile giza niliona maji ya nne, ya tano, na Nasoro anaangalia chini, anahesabu sawa nilimufundisha.

Sirene ya kompani ya saa sita ililia tukiingia mu lupango ya mission.

Mwenye phonie alikuwa mama mumoja jina yake Bilonda, Muluba wa ku Kabongo, murefu, na lunettes za macho zimefungwa na uzi. Nilimwelezea kwa haraka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kila mission iko na zamu yake, na Musumba ni ya tano.

"Mutoto yangu atavuka Kasai mbele ya zamu ya tano."

"Nikikata zamu, mama, bataanza kusema wote pamoja na hautasikia hata mumoja. Kaa."

Nilikaa. Ya kwanza ililomba kinini, dawa ya malaria. Ya pili ilisema Tata Pasteri jino lake limetoka, asante Mungu. Ya tatu ilitaka kujua ule unga ulitumwa na nani, sababu uko na badudu. Ya nne hakuna aliyesikia neno. Mukalay alikuwa amesimama pa mulango, kofia mu mikono, jasho inamuingia mu macho.

"Musumba, Musumba, hapa Kolwezi. Nkulu, unanisikia?"

Nkulu alikuwa muganga wa dispansari ya kule. Alisikika muzuri, sawa mutu eko mu chumba ingine. Bilonda alimuuliza kama kuko ndege imeshuka Musumba leo.

"Hapana," alisema Nkulu. "Moja imepita."

"Imepita vipi?"

"Imepita tu. Hatukuiona, moshi ni mingi. Tulisikia mulio yake juu ya soko kabisa. Batoto balikimbia pa uwanja wakifikiri inashuka. Haikushuka. Ilienda upande jua linalalia. Robo saa sasa, ao zaidi."

Bilonda alimwambia awashe moto mukubwa pa uwanja, aweke majani mabichi juu, na asiondoke pa mashini. Kisha aligeuka kwangu. Alivua lunettes.

Aliniambia kitu sikuwa najua. Mu ile ndege ya Mugreki kulikuwa mashini ya kusemea, ya sauti moja na hii yao. Yule pilote wa zamani alikuwa anabaamkia kila siku saa sita. Toka alienda, Bilonda hakuisikia tena. Pengine imekufa. Pengine hakuna aliyeifungua.

"Mutoto yako, balimufundisha kuifungua?"

"Balimufundisha yote," nilisema. "Ni kazi tu hakupata."

"Basi pengine anasikia. Lakini ujue hivi, mama. Ukisema hapa, haumwambii yeye peke yake. Kasaji anasikia, Sandoa anasikia, na baaskari banasikilizaka pia. Na ule wa kwanza ni patron mwenyewe, eko kando ya mutoto. Mutu akikosa njia mu moshi, patron anaweza kumusamehe. Ukimwambia hiyo hesabu ni yako, atajua mutoto hakufikaka Musumba hata siku moja. Hautamurudishia kazi tena."

"Na nisiposema?"

Bilonda alinipa ile chuma ya kusemea mu mukono. Ilikuwa nzito kuliko nilivyofikiri, na ya joto, juu ya mikono ya batu.

Miaka mbili nilimuona Nasoro akikaa pa meza na kitabu yake ya ndege, anasoma ukurasa anaoujua kwa moyo, juu hakuna kitu ingine ya kufanya. Baba yake alikufa akiuliza kama mutoto amepata. Sasa amepata, tangu asubuhi, na mi njo nilikuwa nashika kisu.

Nilisema "Bismillahi." Ile siku yote, ilikuwa mara ya kwanza.

"Nasoro," nilisema, "ni mama yako. Hesabu niliyokupa ni ya barabara. Nilikosa. Maji ya tatu na ya nne ni moja. Musumba umeiacha nyuma yako. Usitafute ya saba, mwanangu, ya saba ni Kasai. Geuka. Nkulu amewasha moto ya moshi nyeusi pa uwanja. Citoyen Badibanga, kama unanisikia, mutoto alikudanganya juu ya shida. Aliyebapoteza ni mi. Geukeni."

Niliachia kifungo.

Mashini ililia sawa mafuta mu kikaango. Hakuna kitu ingine. Bilonda alisogeza kidude kimoja kidogo sana, akarudisha. Nilisema yote mara ya pili, neno kwa neno. Mara ya tatu sauti yangu ilikatika pa jina ya Nasoro, na Mukalay aligeuza uso upande wa mulango.

Kisha ile kikaango ilinyamaza, na sauti ya mutu ikatoka.

Haikuwa ya Nasoro. Ilikuwa ya Badibanga, lakini ile kicheko yote imetoka ndani yake. Nyuma yake mulio ya ndege ilikuwa inakohoa.

"Mama Amisa, tumekusikia. Mutoto anashika mashini na mikono yote mbili, hawezi kusema. Ile maji ya saba tumeisha kuivuka. Anasema mafuta ya kurudi pa ule moto haitoshi. Ya kutufikisha pahali pamoja mbele, iko." Alipumua. "Maneno ya kazi tutaisema nyuma. We njo unajua hii inchi. Mbele yetu kuko nini?"

Bilonda aliniangalia. Camion yetu haikufikaka kule hata siku moja. Miaka kumi na moja, pa Musumba njo tuligeuzia.

Nilifinya kifungo niseme. Mukalay alikuja mbio kutoka pa mulango, akapiga magoti yake yenye maumivu kando yangu, akasema mbele ya kuoa alikatishaka Kasai na miguu mara moja, akikimbia kazi ya barabara, na ng'ambo aliona mbuga moja ya majani mafupi, bila miti, ya kutosha ndege. Lakini hakumbuki vizuri kama ilikuwa ku mukono ya kuume ao ya kushoto.

Yote iliingia mu ile chuma. Niliachia kifungo, kikaango ikaanza kulia tena.

"Mama?" ilisema ile sauti. "Kuume ao kushoto?"

Nilibonyeza kifungo. Neno nilisema, mutaisoma juma ijayo.